Ufunguo Ukae kwa Mkubwa

Kila asubuhi, kabla hajafungua duka, Zamzam Mtulia alipanda ngazi za jengo moja la Mtaa wa Likoma mpaka ghorofa ya nne, kwenda kumwomba kaka yake ufunguo wa gari. Jengo lilikuwa na lifti. Wapangaji wa zamani walisema iliwahi kufanya kazi.

"Shikamoo kaka."

"Marahabaa," Hafidhi aliitikia kutoka chumbani, akiivuta ile sauti ya mwisho kama muuza vitambaa anayepima mita asiyotaka kuikata.

Zamzam alikaa kwenye kochi akasubiri. Ufunguo ulikuwa pale pale mbele yake, umening'inia kwenye msumari juu ya televisheni. Angenyoosha mkono angeuchukua. Lakini mambo hayakuwa hivyo. Hafidhi alioga kwanza. Akanywa chai. Akauliza hali ya mama yao, ambaye alikuwa anakaa mitaa miwili tu kutoka pale na ambaye angeweza kwenda kumwona mwenyewe. Hapo ndipo alipoutoa ufunguo msumarini, akaupimapima kiganjani na kusema neno lake la kila siku.

"Endesha taratibu. Gari la watu hilo."

Kwamba lilikuwa la watu, ni kweli. Marehemu baba yao, mzee Mtulia wa Kilwa, aliacha nyumba ya Mtaa wa Sikukuu, ambamo Zamzam alibaki na mama yake Bi. Shadya, na aliacha Carina moja ya zamani, rangi ya maziwa, injini nzima, kioo cha nyuma kina ufa. Siku ya arobaini, baada ya pilau, baba yao mdogo mzee Anuari alisimama kusema habari ya gari. Mzee Anuari ni mtu wa kufupisha mambo, hasa akishashiba. Alisema gari ni la watu watatu, mama na watoto wake wawili. Haliuzwi bila wote kukubaliana. Ufunguo ukae kwa mkubwa. Watu wakasema hewala, wakanawa mikono. Suala la nani atatia mafuta, nani atanunua tairi na nani atalipa bima halikuulizwa, kwa sababu aliyekuwa akifanya hayo yote alikuwa jikoni anakusanya sahani.

Zamzam aliuza mapazia Mtaa wa Mchikichi. Alianza kwa kuyatembeza begani, akapata meza, kutoka meza akapata duka la upana wa mlango. Lakini dukani watu huja kushika kitambaa na kuuliza bei ili wakamwambie jirani. Pesa ya mapazia iko madirishani, majumbani kwa watu: Tabata, Mbezi, Kigamboni. Unakwenda na futi, drili na fimbo za pazia zimechomoza dirishani zimefungwa kitambaa chekundu kwa nyuma. Na ni lazima uende na gari. Ukifika kwa bodaboda huku umekumbatia fimbo, mwenye nyumba anakuangalia viatu kwanza, halafu anataja bei yeye. Ukishuka kwenye gari, hata liwe na ufa, anakwambia karibu ndani, nawe ndiye unayetaja bei.

Hafidhi yeye alikuwa wakala wa kutoa mizigo bandarini. Kwa muda ule hakuwa na mzigo wa kutoa. Alivaa shati lililopigwa pasi kila siku, akaenda kukaa na mawakala wenzake ambao nao hawakuwa na mizigo, wakazungumzia mizigo.

Siku moja Josepha, mama mmoja wa Kigamboni aliyekuwa amemaliza kujenga nyumba ya wageni, alimpigia Zamzam aje apime madirisha yote, na aje mapema kwa sababu kuna fundi mwingine naye anakuja. Zamzam alipanda ngazi za Likoma asubuhi na mapema. Mlango ulikuwa umefungwa. Hafidhi alikuwa amekwenda mazikoni Mbagala, ufunguo mfukoni, simu imezimwa kwa heshima ya marehemu. Zamzam alichukua bodaboda mpaka Magogoni, akavuka na kivuko amekumbatia fimbo, na alipofika kwa Josepha alimkuta yule mwenzake yuko juu ya ngazi anatoboa ukuta wa chumba cha tatu.

"Dada, ningekusubiri," Josepha alisema, "lakini huyu mwenzio alikuwa na gari, nikajua amejipanga."

Zamzam hakulia. Alimsalimia yule fundi, akaangalia anavyotoboa, akaona anatoboa vibaya, akarudi zake mjini.

Wiki hiyo hiyo alikwenda Gerezani kubadilisha taa ya breki. Pale Gerezani, pembeni mwa barabara ya Shaurimoyo, kuna fundi umeme wa magari anaitwa Leodegar, ambaye gereji yake ni mti wa umeme, benchi na boksi la vifaa. Leodegar alibadilisha taa huku akimwangalia Zamzam anavyochokonoa ufunguo kwenye swichi, maana ulikuwa umelika na ulitaka kubembelezwa.

"Mama, bado unazungusha? Watu wote siku hizi wanabonyeza."

"Wanabonyeza nini?"

"Kitufe. Unakanyaga breki, unabonyeza, linawaka. Unakuwa na rimoti, huitoi hata kwenye mkoba. Na ukisogea karibu, mlango nao unajifungua wenyewe. Hili nalifunga leo leo, jioni unaondoka bibi harusi."

Akamtajia bei. Zamzam alimtazama.

"Nimekuuliza habari ya kitufe, wewe unanitajia bei ya gari."

"Mama, mikono hii imefunga magari ya wabunge!"

"Wabunge walikulipa pesa za nani? Mimi nitakulipa zangu."

Hakubishana zaidi. Alivuka barabara akaingia kwenye maduka ya spea, moja baada ya jingine, akiuliza bei ya boksi la kitufe kama mtu anayepita tu. Katika duka la kwanza alidharau waya. Katika la pili alidharau rimoti, akasema zinaonekana za kuchezea watoto. Duka la tatu walimpa bei nzuri ili aondoke. Alirudi kwa Leodegar na boksi mkononi.

"Kifaa hiki hapa. Sasa nitajie bei ya mikono peke yake."

Leodegar alilipokea boksi kama mtu aliyepokea taarifa ya msiba. Wakaelewana. Kabla hajalifungua, Zamzam akamuuliza jambo moja.

"Ukishafunga hiki, funguo inabaki na kazi gani?"

"Hapo ni wewe. Wengi wanataka niache vyote viwili. Kitufe kikigoma, unazungusha kama zamani. Au nakata kabisa. Nikikata, funguo itafungua mlango, basi. Kule kwenye swichi itakuwa pambo."

Zamzam aliangalia magari yanayopita. Leodegar baadaye alisimulia kwamba alidhani anafikiria mafuta.

"Kata."

"Mama, ukipoteza rimoti zote mbili, hapo utanipigia simu unalia."

"Sijawahi kumpigia fundi nikilia. Kata."

"Na loki ya usukani lazima niing'oe. Bila hivyo, funguo ikiwa haipo usukani unajifunga wenyewe. Utabonyeza vizuri, litawaka vizuri, halafu litakupeleka ukutani vizuri."

"Ing'oe."

Leodegar akalala chali chini ya usukani, miguu nje, mmoja una kandambili na mwingine hauna. Alifungua kifuniko, akavuta nyaya nje, nyingi kama tambi za futari, akawa anazitafuta moja moja kwa taa yake ya majaribio: huu wa betri, huu wa redio, huu wa stata. Alikata, akaunga, akafunga kwa utepe mweusi. Akatoboa tundu kwenye dashibodi pale palipokuwa na kibiriti cha sigara cha marehemu, akapachika kitufe. Akamwita Zamzam.

"Kanyaga breki. Sema bismillahi. Bonyeza."

Zamzam alifanya yote matatu. Waipa zikaanza kufuta kioo kikavu, kwii, kwii.

"Hiyo ni salamu tu," alisema Leodegar, akarudi chini.

Mara ya pili lilisikika "tk" na injini ikawaka. Zamzam akaizima, akaiwasha, akaizima. Kisha akauchukua ufunguo wa kaka yake, akauingiza kwenye swichi na kuuzungusha. Ulizunguka bila kugusa kitu. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi aliyoikagua kwa makini kuliko zote, na baada ya hapo alilipa.

Jioni alipanda ngazi za Likoma kama kawaida, akamkabidhi Hafidhi ufunguo kwa mikono miwili. Hafidhi akautundika. Baba mdogo alisema ufunguo ukae kwa mkubwa, nao ukakaa. Zamzam hakuona penye kosa, na alikuwa ameangalia.

Mpango wake ulikuwa aendelee kwenda kuuomba kila asubuhi, kwa sura tu. Hafidhi mwenyewe ndiye aliyemwondolea safari. Kabla hata wiki haijaisha, alimkalisha kwenye kochi na kumwambia kuna kontena la matairi limekwama bandarini, mwenyewe anatafuta mtu wa kuingia naye ubia, na yeye Hafidhi ameamua gari liuzwe apate mtaji wa kuanzia.

"Mimi sijakubali," Zamzam alisema.

"Ndiyo nakwambia ukubali."

"Kaka, mapazia ndiyo yanayomlisha mama. Gari likiuzwa nitapimaje madirisha ya watu?"

"Watu wanapima kwa bodaboda."

"Wanapima. Hawapati kazi."

Hafidhi akasimama. Alikuwa amejiandaa kwa hili, ilionekana, kwa sababu hata shati alikuwa amelichomekea.

"Basi ufunguo hautoki hapa mpaka utakapokubali."

"Sawa kaka."

Hafidhi alisubiri. Alikuwa na maneno mengine mengi nyuma ya yale, kuhusu adabu na kuhusu nani alimpeleka shule, na yote yalibaki mdomoni hayana pa kwenda.

"Sawa nini?"

"Sawa, ukae nao. Usiku mwema, nisalimie wifi."

Tangu siku hiyo Zamzam alifanya kazi kuliko wakati mwingine wowote. Alikuwa amepata ile saa nzima aliyokuwa akiipoteza kwenye kochi. Alikwenda Tabata, alikwenda Mbezi, alirudi Kigamboni kwa Josepha kurekebisha fimbo za yule mwenzake zilizoanza kuchomoka ukutani. Alijiwekea masharti mawili. Gari lirudi Sikukuu kabla ya magharibi, mahali pale pale, kwa sababu Hafidhi hupita hapo akienda msikitini. Na gari lisioshwe. Gari chafu linaonekana limelala.

Hafidhi alipita kila jioni, akaliona limejaa vumbi, akaridhika. Alimpigia mzee Anuari simu. "Nimelibana, baba mdogo. Zamzam kiburi tu. Siku mbili tatu hizi ataregea." Baadaye akapiga tena kusema bado siku mbili tatu. Jambo moja tu lilimtatiza: dada yake alinenepa.

Mtaa mzima wa Sikukuu ulijua. Muuza kahawa wa pale kona, Kitwana, alikuwa anamfungulia Zamzam njia ya kutoka kila asubuhi, anasimamisha guta na pikipiki kwa mkono. Hakuna aliyemwambia Hafidhi. Hakuna aliyeulizwa.

Hata Bi. Shadya alipelekwa kliniki ya presha kwa gari hilo hilo. Alikaa mbele, mkoba mapajani, akamwona bintiye anabonyeza kidude na gari linanguruma.

"Kaka yako amekupa ufunguo?"

"Ufunguo uko kwake, mama."

Bi. Shadya akatazama mbele. Walipofika Mnazi Mmoja akasema, "Funga dirisha, upepo," na hilo ndilo neno lake pekee mpaka kliniki.

Jumamosi moja, baada ya adhuhuri, Zamzam alirudi kutoka Tabata, akaegesha, akaenda kwa miguu kurudisha drili dukani. Hakuwa ametembea mbali walipotokea watu watatu upande wa pili wa mtaa. Wa kwanza alikuwa Hafidhi, ufunguo mkononi, akiuzungusha kidoleni. Wa pili mzee Anuari na kofia yake. Wa tatu alikuwa Filbert, Mchaga mwenye duka la jumla la vifaa vya umeme Mtaa wa Narung'ombe, mtu ambaye akinunua muhogo wa kuchoma huuliza kwanza kama kuna uliovunjika. Hafidhi alikuwa amechoka kungoja dada yake aregee. Alikuwa amekuja na mnunuzi na shahidi, akijua Zamzam akibanwa mbele ya baba yake mdogo atasema ndiyo.

Bi. Shadya alikuwa mlangoni kwenye kiti chake. Akaamkiwa na wote, akaitikia wote.

"Ndilo hili," alisema Hafidhi. "Limelala hapa wiki ya tatu. Halina kazi."

Filbert alilizunguka. Alipiga tairi teke. Akaweka kiganja juu ya boneti, akakitoa haraka.

"Bwana Hafidhi, umesema limelala?"

"Kabisa. Funguo ninayo mimi."

"Mbona boneti inachoma?"

"Jua."

Filbert akagusa paa. Akagusa mlango.

"Jua limechoma boneti tu, kwingine limesamehe?"

Hafidhi aliingiza ufunguo mlangoni, akazungusha, mlango ukafunguka, na gari likaanza kupiga kelele. Lilikuwa na sauti Carina ile ambayo hakuna aliyekuwa akiijua. Taa zote ziliwaka na kuzima. Watu walitoka madukani. Watu walitoka saluni na dawa kichwani. Kijana mmoja akauliza mwizi yuko wapi, na kwa kuwa aliyekuwa ameshika mlango ni Hafidhi, wakamtazama Hafidhi.

"Ni gari langu!" alipiga kelele juu ya kelele. "La nyumbani! Baba mdogo, waambie!"

"La nyumbani," mzee Anuari alithibitisha, vidole masikioni.

Hafidhi akaingia ndani, akachomeka ufunguo kwenye swichi, akazungusha. Ulizunguka mzima mzima kama kijiko kwenye kikombe kitupu. Akazungusha upande wa pili.

"Betri?" aliuliza Filbert.

"Betri gani, na linalia hivi?"

"Mzee, hilo la kubonyeza!" alipaza sauti Kitwana kutoka kwenye dele lake la kahawa. "Hapo, kitufe hicho! Hapo kwenye kibiriti!"

Hafidhi akakiona kitufe. Akakibonyeza. Akakibonyeza tena, akakaza kidole. Gari likaendelea kulia.

"Halitawaka," Kitwana alisema kwa huruma. "Linamjua dada Zamzam tu."

Zamzam alikuwa ameisikia kelele tokea Mchikichi, akajua ni nini, maana alishawahi kulijaribu. Hakukimbia. Alikuja kwa mwendo wake, mkoba begani na rimoti ndani ya mkoba, na alipofika usawa wa Kitwana gari likasema kwi-kwi, likanyamaza, likakonyeza taa mara mbili, na milango yote minne ikajifungua loki kwa mpigo. Kukawa kimya hata kahawa ikasikika inamiminwa.

"Shikamoo baba mdogo. Shikamoo kaka. Kaka Filbert, habari za Narung'ombe?"

"Nzuri," alisema Filbert, ambaye alikuwa ameanza kufurahia siku yake.

Mzee Anuari alitoa vidole masikioni.

"Zamzam. Umelifanya nini gari la watu?"

"Nimelifunga kitufe, baba mdogo."

"Nani alikuruhusu?"

"Na tairi mbili za mbele nani aliniruhusu? Na bima?"

"Siku ile tulisema ufunguo ukae kwa mkubwa!"

"Ndiyo, baba mdogo. Kaka, ufunguo uko wapi?"

Watu wote wakautazama mkono wa Hafidhi. Hafidhi, aliyekuwa ameshashuka garini, naye akautazama. Kuna mtu nyuma alicheka, akajifanya anakohoa.

"Zamzam," Bi. Shadya alisema kutoka mlangoni, bila kupaza sauti. "Usimvue nguo kaka yako barabarani."

Zamzam akainamisha uso. Hilo lilimpata, kwa sababu lilikuwa kweli.

"Samahani, mama. Samahani, kaka. Tuingieni ndani tuzungumze."

Wangeingia, na huenda ndani kwenye jamvi mambo yangekwenda kama yanavyokwenda kwenye jamvi siku zote, Zamzam akaambiwa yeye ni mdogo na akubali. Lakini Filbert hakutaka kuingia. Alikuwa ameona familia inagombana, na kwa mfanyabiashara familia inayogombana ni punguzo. Akapiga magoti kando ya mlango wa dereva, akachungulia chini ya usukani.

"Lo! Lo! Hili limeshachezewa," alisema, kwa sauti ya watu wote. "Nyaya zimekatwa. Loki ya usukani hakuna. Kesho linakuzimikia Ubungo katikati ya taa, unamwita nani? Na kioo hiki. Na hii rangi, hii ni rangi au ni ugonjwa? Bwana Hafidhi, uliniambia gari. Hapa mimi nanunua chuma chakavu."

Akatoa simu, akafungua kikokotoo, akaandika tarakimu, akamwonesha Hafidhi kiganjani kama mtu anayeonesha picha ya siri. Hafidhi alisoma.

"Hiyo bei ya mlango!"

"Milango yenyewe haisubiri mtu, inajifungua tu."

"Filbert, ongeza," alisema mzee Anuari. "Mimi mtu mzima niko hapa."

Filbert akafuta, akaandika tena. Ilikuwa imeongezeka kidogo, kwa heshima ya kofia.

"Mwisho hapo. Tena nawaonea huruma. Gari hili nikilitoa hapa nalipeleka kukatwa."

Zamzam muda wote huo hakuwa akisikiliza maneno. Alikuwa akiangalia mkono wa kushoto wa Filbert. Ulikuwa juu ya bodi ya gari, na ulikuwa unalipapasa polepole, kwenda na kurudi. Zamzam ameuza vitambaa miaka mingi. Anawajua wanaosema kitambaa kibaya, kinachuja, kizito, kama gunia, na hawakiachii. Asiyekitaka hukiweka chini akaenda zake. Filbert alilitaka gari lile. Alikuwa amelitukana kwa mazoea tu, kama anavyotukana muhogo, na katika kulitukana alikuwa amelishusha mpaka mahali ambapo hata yeye Zamzam, kwa akiba yake ya mapazia, alikuwa anapafikia.

"Naomba nione hiyo simu," alisema.

Akaona.

"Kaka, kwa bei hii wewe uko tayari kuuza?"

Hafidhi alikuwa amelowa jasho, na shati la pasi lilikuwa limemgandia mgongoni. Alichotaka wakati ule si bei, ni kushinda jambo moja kabla hajaondoka mtaani.

"Mimi niko tayari hata sasa hivi! Anayezuia ni wewe. Siku zote ni wewe."

"Mimi nimekubali."

Hafidhi akamgeukia.

"Umekubali?"

"Nimekubali liuzwe kwa bei hii. Baba mdogo shahidi, na mtaa wote huu. Mama, wewe?"

"Mkikubaliana nyie wawili," alisema Bi. Shadya, "mimi nina neno gani?"

"Alhamdulillahi," alisema mzee Anuari. "Limekwisha. Mnaona? Watu mkizungumza."

Filbert alikuwa ameshaingiza mkono mfukoni.

"Basi nanunua mimi," alisema Zamzam.

Mkono wa Filbert ukaganda humo humo.

"Subiri, dada. Subiri kwanza. Mimi naongeza."

"Si ulisema mwisho?" alisema mzee Anuari.

"Mzee, ule ulikuwa mwisho wa mwanzo!" Akaandika tena haraka, akamsogezea Hafidhi simu puani. Tarakimu ilikuwa imeruka. Kwa gari la kwenda kukatwa, ilikuwa imeruka sana. Macho ya Hafidhi yakafunguka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu.

"Kaka," Zamzam alisema. "Mimi nimekubali liuzwe kwa bei ile aliyoiita mwisho, kwangu. Kwa bei hii na kwa mtu huyu sijakubali. Na haliuzwi bila wote kukubaliana. Siyo maneno yangu."

Mzee Anuari akajikuna kidevu. Yalikuwa maneno yake.

"Ila ukitaka kumuuzia kwa nguvu, mpe," Zamzam aliendelea. "Ufunguo unao. Kitufe na rimoti nimenunua mimi, vitabaki kwangu."

Filbert alilitazama gari, akatazama ufunguo kwenye mkono wa Hafidhi, akafanya hesabu ya fundi wa kurudisha nyaya zote zilizokatwa, na taratibu akarudisha simu mfukoni.

"Bila hivyo vitu ni kabati," alikiri.

Sasa ikabaki kwa Hafidhi peke yake. Angeweza kukataa. Gari lingebaki la watu watatu, Zamzam angeendelea kulibonyeza kila asubuhi, na yeye angeendelea kuutunza ufunguo juu ya televisheni. Ilionekana usoni kwamba anaiona picha hiyo nzima.

"Utalipa lini?" aliuliza.

"Sasa hivi. Fungu lako kwenye simu yako, la mama nampa mkononi. Baba mdogo ahesabu."

"Kwa fungu hilo kontena silifikii."

"Hulifikii, kaka."

Hafidhi akamsogelea. Watu walikuwa wameanza kutawanyika, wengine walikuwa na dawa kichwani inayotaka kuoshwa.

"Ungeniambia tu," alisema kwa sauti ya chini, yake na dada yake.

"Ningekuambia, ungesemaje?"

Hafidhi alifikiri kwa haki.

"Ningekataa."

"Haya."

"Tuma," alisema.

Zamzam akatuma. Simu ya Hafidhi ikatetemeka mfukoni, akaisoma, akaisoma tena, akairudisha. Bi. Shadya akasema chai ipo na vitumbua vya asubuhi vipo, hakuna sababu ya watu wazima kusimama juani. Wakaingia, wakavua viatu. Filbert naye akaingia, kwa sababu alikuwa ameshaalikwa na hapo hakulipishwi.

Kwenye kikombe cha pili Filbert akajisogeza kwenye jamvi upande wa Zamzam, akaongea chini chini.

"Dada yangu, yameisha hayo. Mimi na wewe ni wafanyabiashara. Sasa gari ni lako, kitufe chako, rimoti zote unazo. Niambie kweli kabisa: mimi ungeniuzia bei gani?"

Zamzam akafuta vidole mafuta ya kitumbua, akachukua simu ya Filbert, akaandika, akamrudishia.

Filbert akapaliwa na chai. Mzee Anuari akampiga mgongoni.

"Hii bei ya gari jipya!"

"Loki ya usukani imetolewa na fundi wa wabunge," Zamzam alisema. "Rangi ni ile ya kiwandani. Boneti umeigusa mwenyewe, si inafanya kazi?"

"Punguza."

"Kunywa chai, kaka Filbert. Inapoa."